Damu Kuganda Mguuni Baada ya Safari ya Ndege: Je, Shirika la Ndege Hudaiwa?



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo zamani lilikuwa geni katika parokia zetu, lakini sasa limebisha hodi. Wazazi wetu wanaalikwa ng'ambo kuwaona watoto na wajukuu. Wengine wanakwenda kuhiji Roma, Lourdes na Nchi Takatifu. Vijana wanakwenda masomoni na kazini. Safari hizo huchukua saa nyingi angani, na msafiri huketi mahali pamoja, magoti yamekunjwa, tangu jioni hadi asubuhi. Wengi hufika salama. Wachache hufika na bonge la damu mguuni, nao hawajui.

Tutaeleza kwanza ugonjwa wenyewe, kisha tutajibu swali ambalo familia moja ilituuliza: kama abiria amepatwa na madhara haya, je, sheria inalitaka shirika la ndege limlipe?

YALIYOTUFIKIA HOSPITALINI

Mama mmoja, mwenye umri wa miaka 58, alikwenda Ulaya kumsaidia binti yake aliyekuwa karibu kujifungua. Mtoto alizaliwa salama. Wiki tatu baadaye ruhusa yake ya kukaa kule ilikwisha, akarudi nyumbani. Katika ndege alipewa kiti cha dirishani. Abiria wawili waliokaa kando yake walilala, naye akaona haya kuwaamsha. Kwa saa tisa hakuinuka hata mara moja. Maji aliyakataa makusudi ili asihitaji kwenda msalani. Aliposhuka uwanjani alipanda basi, akaketi tena saa saba mpaka kufika kwake.

Siku ya nne mguu wa kushoto ulianza kuuma kwenye tumbo la mguu, ukavimba. Majirani walisema ni uchovu wa safari. Wakamkanda kwa maji ya moto na mafuta, wakauvuta mguu kwa nguvu. Siku ya saba, akiwa anaanika mahindi, pumzi ilimkatika ghafla. Alipoletwa kwetu midomo ilikuwa imebadilika rangi. Tulimpa hewa ya oksijeni, daktari akaitwa, lakini hatukuweza kumwokoa.

Wiki moja baadaye mwanawe wa kwanza alikuja na wajomba zake wawili. Walituamkia, wakaketi, kisha yule kijana akasema, "Sista, tumeambiwa kwamba mama ameuawa na kiti cha ndege. Kuna mtu mjini anasema kesi hii ni ya kushinda, tutangulize fedha tu. Tunataka kuuza ng'ombe wanne na kipande cha shamba. Ninyi mnasemaje?"

Sisi ni wauguzi, si wanasheria. Hatukutaka kuwajibu kwa kubahatisha. Tuliomba siku chache, tukamwendea mwanasheria mmoja mstaafu tunayemfahamu, tukasoma naye hukumu za mahakama mbalimbali. Haya ndiyo tuliyojifunza, na tunayaandika hapa ili familia nyingine isije ikauza shamba kabla ya kujua.

DAMU HUGANDAJE MGUUNI?

Moyo husukuma damu kwenda miguuni kwa nguvu, lakini kuirudisha juu ni kazi nyingine. Ndani kabisa ya mguu, katikati ya nyama, mna mishipa minene inayorudisha damu. Mishipa hiyo ina vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini. Kinachoisukuma damu hiyo kwenda juu ni msuli wa tumbo la mguu. Kila tunapokanyaga, msuli hukaza na kuikamua mishipa kama mtu anavyokamua kitambaa chenye maji. Basi, tukikaa bila kutembea, pampu hiyo husimama. Damu hutuama. Damu iliyotuama huweza kuganda.

Bonge hilo likibaki mguuni, huleta uvimbe na maumivu. Hatari kubwa ni pale kipande chake kinapong'oka. Kipande hicho hufuata mkondo wa damu, hupita moyoni, kisha hunasa katika mishipa ya mapafu. Likiwa kubwa, hufunga njia ya damu, na mtu huweza kufa kwa dakika chache. Ndiyo sababu mguu ulioshukiwa kuwa na bonge la damu haukandwi wala kuchuliwa hata kidogo.

JAMBO HILI SI LA NDEGE PEKE YAKE

Mwaka 1940, wakati mji wa London ulipokuwa ukishambuliwa kwa mabomu, watu wengi walilala usiku kucha katika mahandaki, wameketi kwenye viti vya kukunja. Daktari Keith Simpson aligundua kwamba vifo vya ghafla vilivyotokana na damu kuganda na kuziba mapafu vilikuwa vimeongezeka miongoni mwa watu hao. Ukingo wa mbao wa kiti ulibana mishipa nyuma ya magoti.

Mwaka 1954 daktari wa upasuaji wa Marekani, John Homans, aliandika habari za watu walioganda damu miguuni baada ya kuketi kwa muda mrefu. Mmoja wao alikuwa daktari mwenye umri wa miaka 54 aliyesafiri kwa ndege kwa saa 14.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Lilisema kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili, iwe ni kwa ndege, basi, gari moshi au gari dogo. Hata hivyo hatari yenyewe si kubwa kwa mtu mwenye afya: ni kama msafiri mmoja katika kila 6,000. Hatari huendelea kuwapo kwa takribani wiki nne baada ya safari, na huongezeka mtu akisafiri mara kadhaa katika muda mfupi.

Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo hatari inavyopanda. Madaktari wa Ufaransa walihesabu abiria waliofika katika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, karibu na Paris, tangu mwishoni mwa mwaka 1993 hadi mwaka 2000. Walikuwa zaidi ya milioni 135. Kati yao 56 walithibitishwa kuwa na bonge la damu mapafuni. Kwa waliosafiri zaidi ya kilometa 10,000, walipata karibu watu watano katika kila milioni moja. Kwa waliosafiri chini ya kilometa 5,000, karibu hapakuwa na mtu. Hao ni wale waliozidiwa sana baada ya kufika. Waliougua siku za baadaye majumbani mwao hawakuingia katika hesabu hiyo.

SHERIA YA SAFARI ZA ANGA YASEMAJE?

Sasa tuingie katika swali la fidia. Safari ya ndege kutoka nchi moja kwenda nyingine haiongozwi tu na sheria za kawaida za uzembe tunazozijua. Inaongozwa na mkataba wa mataifa. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini mjini Warsaw, Poland, mwaka 1929. Baadaye ukaja Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003. Kenya na Tanzania zote zimejiunga na Mkataba wa Montreal.

Mikataba hii ni kama mapatano ya pande mbili. Abiria alipewa nafuu moja kubwa: halazimiki kuthibitisha kwamba rubani au kampuni ilifanya uzembe. Kampuni nayo ilipewa nafuu yake: hudaiwa kwa masharti yaliyoandikwa mkatabani tu, si kwa mengine.

Sharti kubwa limo katika kifungu cha 17. Kinasema kwamba kampuni itawajibika abiria akifa au akiumia mwili, ikiwa AJALI iliyosababisha madhara hayo ilitokea ndani ya ndege, au wakati wa kupanda au kushuka. Angalieni neno hilo: ajali. Kuumia au kufa peke yake hakutoshi. Lazima pawe na ajali iliyoleta kuumia huko au kifo hicho.

Chini ya Mkataba wa Montreal, ajali ikithibitishwa, kampuni haiwezi kukwepa malipo ya madhara yaliyothibitishwa hadi kiwango fulani, isipokuwa kwa sehemu ambayo abiria mwenyewe alichangia kwa uzembe wake. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 kiwango hicho ni 151,880 kwa hesabu ya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani takribani dola laki mbili za Marekani. Juu ya hapo, kampuni inaweza kujinasua ikithibitisha kwamba kosa halikuwa lake. Lakini kama hakuna ajali, hata senti moja haidaiwi.

AJALI NI NINI?

Sisi watu wa kawaida tungesema: mtu aliondoka mzima akarudi mgonjwa, hiyo ni ajali. Mahakama hazisemi hivyo.

Mwaka 1985 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikata shauri la abiria mmoja wa shirika la Air France. Alikuwa amesafiri kutoka Paris kwenda Los Angeles mwaka 1980. Ndege ilipokuwa ikishuka alisikia maumivu makali sikioni, na baadaye sikio lake la kushoto likawa halisikii. Uchunguzi ulionyesha kwamba mitambo ya kurekebisha hewa ndani ya ndege ilifanya kazi kama kawaida. Majaji walisema kwamba ajali ni tukio lisilotazamiwa au lisilo la kawaida, tena lililotoka nje ya abiria. Mwili wa abiria ukidhurika kwa namna yake wenyewe, wakati ndege inakwenda kama ndege zote ziendavyo, hiyo si ajali.

Majaji walitazama pia jinsi mkataba ulivyoandikwa. Kwa mizigo, mkataba ulisema "tukio". Kwa abiria, ulisema "ajali". Wakaona kwamba walioandika walikusudia maneno hayo mawili yatofautiane. Maana hiyo ya mwaka 1985 ikafuatwa na mahakama za nchi nyingi.

ABIRIA WALIPOKWENDA MAHAKAMANI

Oktoba 2000 mwanamke kijana wa Uingereza alifariki dunia muda mfupi baada ya kushuka kutoka katika safari ndefu iliyoanzia Australia. Magazeti yalipiga kelele. Mwezi uliofuata, kamati ya Bunge la Uingereza ilitoa taarifa kuhusu afya na safari za anga. Abiria waliougua, na jamaa za waliofariki, wakaungana kufungua mashauri dhidi ya mashirika kadhaa ya ndege.

Hoja zao zilikuwa mbili. Kwanza, viti vilisongamana mno, miguu haikuwa na nafasi. Pili, mashirika yalijua hatari hii, au yalipaswa kuijua, na hayakuwaonya abiria.

Majaji walianza na swali la sheria tu. Walisema: tuchukulie kwamba yote wanayosema abiria ni kweli, je, hiyo ni ajali? Mahakama Kuu mjini London ilijibu Desemba 2002 kwamba si ajali. Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo Julai 2003. Hatimaye, Desemba 2005, Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufani Uingereza, likakataa rufani ya abiria. Hukumu kuu iliandikwa na Lord Scott.

Kwa maneno mepesi, majaji walisema hivi: viti vilikuwa vilevile kama siku zote, ndege iliruka kama siku zote, hakuna jambo lolote lililotokea ndani yake. Kuganda kwa damu ndiyo madhara yenyewe, na madhara hayawezi kuwa ndiyo ajali iliyoyaleta. Na kukaa kimya bila kuonya? Walijibu kwamba kutokufanya jambo, pale ambapo haikuwa desturi ya kampuni kulifanya, si tukio.

Huko Australia, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilifikia uamuzi wa namna hiyohiyo Juni 2005, katika shauri la abiria aliyesafiri kutoka Sydney hadi London na kurudi mwaka 2000. Mahakama za rufani za Marekani nazo zilikataa madai ya aina hii mwaka 2004.

Tufahamu vizuri. Mahakama hazikusema kwamba safari ya ndege haigandishi damu. Hilo ni swali la madaktari. Zilisema tu kwamba mkataba haukumfungulia abiria huyu mlango wa fidia.

Msomaji atauliza: kama mkataba umekataa, kwa nini wasishitaki kwa sheria ya kawaida ya uzembe? Mlango huo nao umefungwa. Baraza la Malodi liliamua mwaka 1996, katika shauri la abiria waliotua Kuwait mwaka 1990 saa chache baada ya majeshi ya Iraki kuivamia, kwamba kwa safari ya kimataifa mkataba unatawala peke yake. Aliyekosa haki ndani ya mkataba hawezi kuitafuta nje yake.

JE, HAKUNA LINALOWEZEKANA KABISA?

Lipo jambo moja la kukumbuka. Mwaka 1998 daktari mmoja mwenye pumu alisafiri na shirika la Olympic Airways kutoka Athens kwenda New York. Wakati huo uvutaji wa sigara ulikuwa ukiruhusiwa katika baadhi ya viti. Mke wake alimwomba mhudumu mara tatu amhamishe mbali na moshi. Mhudumu alikataa, akisema ndege imejaa. Kumbe palikuwa na viti 11 vitupu. Daktari yule alifia humo ndani. Februari 2004 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba kukataa huko ni ajali kwa maana ya mkataba, kwa kuwa halikuwa jambo la kawaida na ndilo lililochangia kifo.

Na Desemba 2019 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kahawa ya moto iliyommwagikia mtoto ndani ya ndege ni ajali, hata kama haikujulikana kilichoangusha kikombe.

Tofauti yake ni ipi? Kahawa ilimwagika: kuna tukio. Mhudumu aliombwa msaada akakataa: kuna tukio. Lakini mama yetu alikaa kimya saa tisa, wala hakuna aliyemkataza kuinuka. Mahakama zingetafuta tukio, zisilipate.

TULIYOWAAMBIA WALE WATATU

Tuliwaeleza hayo polepole. Mjomba mkubwa aliuliza, "Kwa hiyo mama yetu hana haki?" Lilikuwa swali zito. Tulimjibu kwamba sheria kukosa jibu hakupunguzi uchungu wao, wala hakusemi kwamba mama alikosea. Ila kuuza ng'ombe na shamba kwa kesi ambayo mahakama kubwa za nchi tatu zimeikataa, kungeongeza msiba juu ya msiba.

Tukawapa mashauri haya, ambayo yanafaa kwa kila familia:

1. Kama unafikiri una dai, nenda kwa wakili anayetambuliwa, mwulize swali moja: "Ajali ni ipi hapa?" Asipoweza kulitaja tukio lenyewe, usitangulize fedha.

2. Muda wa kufungua shauri chini ya mkataba ni miaka miwili tangu siku ya kufika. Ukipita, haki hupotea.

3. Tunza tiketi, kipande cha kupandia ndege na karatasi zote za hospitali. Kama uliomba msaada ndani ya ndege ukakataliwa, andika siku, saa na namba ya safari, na majina ya walioshuhudia.

4. Soma hati ya bima ya safari, kama ilinunuliwa. Bima ni mkataba mwingine, na masharti yake ni tofauti. Huenda ikalipa matibabu pale ambapo shirika la ndege halidaiwi.

5. Safari za ndani ya nchi haziko chini ya mkataba huo wa kimataifa. Hizo hufuata sheria ya nchi.

Kisha sisi tukawauliza swali letu: "Yule binti aliyejifungua, anakuja lini?" Wakatazamana. Alikuwa amekwisha kununua tiketi aje kulia msiba wa mama yake, na alikuwa na wiki ya tano tu tangu kujifungua. Hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba yeye mwenyewe yumo katika kundi la hatari. Siku ileile walimpigia simu wakamwomba amwone daktari wa kule kabla ya safari. Daktari alimpa soksi maalumu na sindano za kuzuia damu isigande. Aliomba kiti cha kando ya njia. Alifika, akalia kaburini kwa mama yake, akarudi salama na mtoto wake.

NANI AJIHADHARI ZAIDI?

Kila msafiri wa saa nne au zaidi anahusika, lakini hawa wamwone daktari kabla ya safari:
– aliyewahi kuganda damu, au ambaye ndugu zake wa damu wamewahi kupatwa;
– aliyefanyiwa upasuaji karibuni, hasa wa nyonga, goti au tumbo, au aliyefungwa plasta mguuni;
– mwenye saratani;
– mama mjamzito, na mama ambaye hajatimiza wiki sita tangu kujifungua;
– anayetumia vidonge vya majira au dawa nyingine zenye homoni;
– mtu mnene sana.

Shirika la Afya Duniani liliona pia kwamba watu warefu mno na wafupi mno huathirika zaidi. Miguu ya mrefu hukosa nafasi. Ya mfupi huning'inia, na ukingo wa kiti humbana nyuma ya magoti.

KINGA SAFARINI

1. Omba kiti cha kando ya njia. Usione haya kumwamsha jirani. Haya ya mama yetu tumeeleza ilikomfikisha.

2. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, inaporuhusiwa.

3. Ukiwa umeketi, inua visigino vidole vikiwa chini, kisha inua vidole visigino vikiwa chini. Fanya hivyo mara 20 au 30, kila nusu saa unapokuwa macho.

4. Usijaze mizigo chini ya kiti cha mbele. Hiyo ni nafasi ya miguu yako.

5. Kunywa maji ya kutosha. Punguza pombe, na usimeze dawa za usingizi ili kulala safari nzima bila kujigeuza.

6. Vaa nguo zisizobana kiunoni na nyuma ya magoti.

7. Soksi maalumu za kubana zinasaidia, lakini ziwe za kipimo chako. Soksi yenye mpira unaokata mguu hudhuru badala ya kusaidia.

8. Usijitibu kwa aspirini kwa sababu tu jirani amekuambia. Mwulize daktari kwanza.

Na wanaosafiri kwa basi, haya ni yenu pia. Basi likisimama, shukeni mnyooshe miguu, hata kama hamna haja ya kununua kitu.

DALILI ZA HATARI

Mguu mmoja, hasa tumbo la mguu, ukivimba, ukiuma, ukawa wa moto au ukabadilika rangi, ndani ya wiki chache baada ya safari, usiukande. Usiuchue. Nenda hospitali, na umwambie muuguzi, "Nimesafiri safari ndefu." Maneno hayo matatu huweza kuokoa maisha, kwa kuwa sisi nasi, tusipoambiwa, huweza kudhani ni jipu au msuli umekazwa. Dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda zipo, na wengi hupona.

Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma mtu anapovuta hewa, akikohoa damu au akizimia, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mahakama hazikumpata wa kulipa fidia kwa ugonjwa huu. Ulinzi uliobaki mikononi mwetu ni kujua, kuinuka kitini na kuwahi hospitali. Basi, yeyote kati yenu mwenye mzazi anayejiandaa kwa safari, amsomee ukurasa huu kabla hajafunga mzigo.

Tukutane tena mwezi ujao.